Kabla ya Kununua Alumini

Anayeanza mchezo wa magari ya rimoti hachelewi kuvutiwa na vipuri vya alumini. Vinang'aa, vina rangi ya buluu au nyekundu, na maelezo yake huahidi gari imara zaidi. Hoja yangu ni kwamba madini na rangi havisemi chochote kuhusu faida ya kipuri. Kinachosema ni swali la kifundi ambalo mnunuzi anapaswa kujiuliza kabla ya kutoa fedha: katika gari hili, nguvu inapotelea wapi, na kipuri hiki kitaiokoa vipi? Tuchukue gari ambalo wengi huanzia, TT-02 ya kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, lililoingia sokoni mwaka 2013. Ni gari la kipimo cha 1:10, mota moja inazungusha magurudumu yote manne kupitia propela shafti ya katikati, na mnunuzi hulifunga mwenyewe skrubu kwa skrubu. Limeundwa liuzwe kwa bei nafuu, kwa hiyo mtengenezaji amebana gharama sehemu kadhaa. Baadhi ya sehemu hizo zinaliumiza gari kila linapotembea. Nyingine hazina madhara yoyote.

Sehemu inayoliumiza zaidi haionekani kwa nje. Katika boksi nyingi za TT-02, ekseli na giya huzunguka ndani ya bushi za plastiki. Chuma kinasugua plastiki, na msuguano wa namna hiyo kwa kawaida una kipimo cha kati ya 0.1 na 0.3. Beringi ya gololi, ambayo ndani yake vitu vinabiringika badala ya kusuguana, ina kipimo cha takriban 0.0015. Tofauti hiyo inalipwa na betri, maana umeme ambao ungesukuma gari unaishia kuwa joto. Tena bushi hailiki sawasawa pande zote. Vumbi hujikita kwenye plastiki na kuigeuza msasa, tundu hupanuka na kuwa la yai, gurudumu huanza kuchezacheza, na giya ambazo zilikuwa zimekaa vizuri zinaanza kutafunana. Seti nzima ya beringi za kipimo cha milimita 5 kwa 11 kwa 4 mara nyingi ni rahisi kuliko jozi moja ya mikono ya alumini inayoshika magurudumu, na hakuna kipuri kingine kinachogusa kasi, muda wa betri na uhai wa giya kwa pamoja. Kwa anayeendesha kwenye udongo au murram, nashauri zenye kifuniko cha mpira. Zile za kifuniko cha bati huzunguka kwa wepesi zaidi kidogo, lakini vumbi jembamba linapenya, na beringi iliyojaa vumbi inarudisha tatizo lilelile tulilotaka kulitoa.

Sehemu ya pili ni shokomzoba. Zinazokuja na gari la bei ya chini ni springi juu ya kijiti cha plastiki, bila mafuta ndani. Springi peke yake haimalizi nguvu ya mtikisiko. Inaihifadhi kisha inairudisha, na gari linadunda. Kinachojaribu kuituliza ni msuguano wa plastiki kwa plastiki, nao unafanya kazi kinyume cha inavyotakiwa: unakaza mwanzoni, wakati gurudumu linapaswa kufuata kijibonde kidogo kwa ulaini, kisha hauongezeki mtikisiko unapokuwa wa kasi. Mafuta yanayopita kwenye matundu ya pistoni hufanya kinyume. Gurudumu likisogea polepole yanaliachia, likisogea kwa kasi yanapinga, na nguvu inaishia kuwa joto dogo ndani ya mafuta. Hapa pia alumini si lazima. Tamiya inauza shokomzoba za mafuta zenye mwili wa plastiki, na hizo hufanya sehemu kubwa ya kazi inayofanywa na za alumini za bei mara kadhaa. Kazi inafanywa na mafuta na pistoni, si na kopo linaloyabeba. Ushahidi mwingine uko kwa mtengenezaji mwenyewe: alipotoa TT-02R, toleo la bei ya juu la chasisi hiyohiyo, beringi na shokomzoba za mafuta zilikuwa tayari ndani ya boksi.

Wapo watakaopinga wakisema gari lao halivunjiki beringi, linavunjika mikono inayoshika magurudumu, na kwa hiyo chuma ndicho dawa. Pingamizi hilo lina uzito na linastahili jibu la makini. Gari linapogonga ukingo wa barabara, nguvu ya kishindo lazima iende mahali. Mkono wa plastiki unapinda, unameza sehemu ya kishindo, kisha unarudi ulivyokuwa. Ukizidiwa, unavunjika, na kipuri chake ni cha bei ndogo. Mkono wa alumini haupindi kirahisi, hivyo kishindo kinapita kwenda kwenye kiungo kinachofuata, ambacho mara nyingi ni chasisi au nyumba ya giya. Umehamisha mvunjiko kutoka kipuri rahisi kwenda kipuri ghali. Na alumini ya daraja la chini ikipinda haijinyooshi. Gari litaendelea kutembea likivuta upande mmoja, na mwenye gari atahangaika na rimoti akidhani tatizo liko huko. Kuna pia suala la uzito: alumini ina gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, nailoni kama 1.1, na uzito ulio karibu na gurudumu ndio unaoipa shokomzoba kazi ngumu zaidi.

Sisemi kwamba chuma hakina mahali. Kishikio cha mota cha TT-02 ni cha plastiki, kimekaa kwenye joto, na kikilegea hata kidogo giya zinaachana au zinabanana. Cha alumini kinashika vipimo na kupunguza joto la mota. Viungo vya usukani navyo, vikiwa na mchezo, vinamnyima dereva uhakika wa mstari ulionyooka, na seti isiyo na mchezo inaonekana faida yake kwenye kona ya kwanza. Katika magari ya kupanda miamba polepole, watu hufunga hata shaba nyeupe, nzito kuliko alumini mara tatu, karibu na ekseli za mbele kwa makusudi, kwa sababu huko uzito ulio chini hulizuia gari kupinduka. Swali letu linabaki halijabadilika katika hali zote hizo. Majibu yanabadilika kwa sababu kazi ya gari imebadilika. Na anayependa rangi ya buluu kwa uzuri wake ana haki kamili ya kuinunua, ilimradi ajue ananunua urembo.

Tairi nitazitaja kwa ufupi kwa kuwa jambo lenyewe halina ubishi: ndicho kitu pekee kinachogusa ardhi, na tairi isiyolingana na ardhi hairekebishwi na kipuri chochote kingine.

Inabaki mota, ambayo wengi huinunua kwanza. Kasi ni raha, na kwa wengi ndiyo sababu ya kununua gari. Lakini hesabu yake ni kali. Gari la kilo 1.5 likienda kilomita 30 kwa saa linabeba takriban jouli 52. Likienda 60 linabeba kama 208. Kasi imekuwa mara mbili, kishindo kimekuwa mara nne, na kinapokelewa na mikono, skrubu na giya zilezile. Anayetaka kasi zaidi kidogo aanze na giya ndogo ya mota, kipuri cha bei ya chini kabisa. Kwenye TT-02 yenye giya ya meno 22, mota huzunguka mara 8.27 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Ukiweka ya meno 25, inakuwa mara 7.28, yaani kasi ya juu inaweza kupanda kwa karibu asilimia 14, mota ikiwa na nguvu ya kulisukuma gari. Gharama yake ni joto, hivyo pima mota baada ya dakika tano za kuendesha. Ukihamia mota isiyo na brashi, kipimo hicho kinakuwa muhimu zaidi, kwa kuwa sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 za Selsiasi. Ikikaribia hapo, rudisha giya ndogo meno mawili nyuma, upime tena kabla ya kununua kitu kingine chochote.