Asomaye vita vya Wagiriki atakula nini?

"ATAKULA mishale?"

Hivyo ndivyo alivyouliza mzee mmoja wa mtaa wa Woodley, Nairobi, binti yake alipotangaza mezani kwamba hataki uwakili wala uhasibu. Alitaka kusomea akiolojia, na hasa vita vya Wagiriki na Warumi wa kale. Mama mtu alinyamaza akiendelea kupakua sukuma wiki. Kaka wa msichana alicheka hadi akashika mbavu.

Mzazi anayelipa karo ana haki ya kuuliza swali kama hilo, na halina jibu jepesi. Lakini kuna jambo moja ambalo pengine lingemfanya mzee apunguze ukali. Wengi wetu hudhani kwamba vita vya Wagiriki ni habari za Wazungu na sanamu zao za marumaru, zisizotuhusu hata chembe. Sivyo. Baadhi ya wapiganaji wa vita hivyo walitoka upande huu wetu wa Afrika, nao walikuwa na mikonga.

Tarehe 22 Juni, mwaka 217 K.K., majeshi mawili yalikutana karibu na Rafah, mji ulio katika Ukanda wa Gaza wa leo. Upande mmoja alikuwa Ptolemi wa Nne, mtawala wa Misri aliyetoka katika ukoo wa Kimasedonia, akiwa na askari wa miguu wapatao 70,000. Upande wa pili alikuwa Antioko wa Tatu wa Shamu, na askari wa miguu 62,000. Mbele ya majeshi walisimama ndovu, na migongoni mwa ndovu kulikuwa na vibanda vilivyojaa watu wenye mikuki mirefu. Antioko alikuwa na ndovu 102 wa kutoka India. Ptolemi alikuwa na 73, wote wa Afrika.

Aliwatoa wapi? Babu yake, Ptolemi wa Pili, hakuweza kupata ndovu wa India kwa sababu njia ya kwenda huko ilikuwa mikononi mwa mahasimu wake. Akatuma wawindaji kusini, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu ambayo leo ni ya Sudan na Eritrea. Akajenga huko kituo kilichoitwa Ptolemais ya Uwindaji. Ndovu walinaswa wakiwa hai, wakapakiwa katika merikebu maalumu, wakateremshwa bandari kama Berenike, kisha wakaswagwa jangwani hadi mto Nile. Jaribu kufikiria, msomaji, kazi ya kumpandisha ndovu mmoja tu chomboni!

Pale Rafah ndovu hao hawakuleta sifa. Mwanahistoria Mgiriki Polybius anaandika kwamba wengi wao walikataa kusonga mbele, kwa kuwa waliogopa harufu, sauti na ukubwa wa ndovu wa India. Ptolemi alishinda hatimaye, lakini kwa nguvu za askari wake wa miguu. Ndovu wake 16 waliuawa, na wengi wa waliobaki wakatekwa.

Sasa mtu yeyote aliyepelekwa Amboseli na shule yake atashangaa. Ndovu wetu ndiye mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Amemwogopaje mwenzake wa India, ambaye ni mdogo kwake?

Swali hilo limewakosesha wasomi usingizi kwa muda mrefu, na mmoja wao alikuwa mtawala wa jirani zetu. Sir William Gowers alikuwa gavana wa Uganda kuanzia 1925 hadi 1932. Alipostaafu aliandika makala juu ya ndovu wa Afrika na waandishi wa kale, na katika mwaka wa 1948 alitoa jibu ambalo wengi walilikubali: ndovu wa Ptolemi hawakuwa wa mbugani kama hawa wetu, bali wa msituni, walio wadogo hata kuliko wa India. Kwa hiyo Polybius alisema kweli.

Walikuwapo pia waliodai kwamba ndovu wa Afrika hafugiki kabisa. Hao walijibiwa na Kongo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wabelgiji walianzisha kituo cha kufuga ndovu huko Api, na baadaye kingine Gangala-na-Bodio, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo. Ndovu walifundishwa kuvuta magari na kulima. Kama ndovu aweza kuvuta plau, basi aweza kufikishwa vitani.

Jibu la Gowers lilikaa katika vitabu zaidi ya miaka 60. Kilicholiangusha hakikuwa kitabu kingine bali mavi ya ndovu, na naomba radhi kwa wanaosoma wakiwa mezani.

Eritrea bado ina ndovu wachache, wapatao mia moja, katika jimbo la Gash-Barka. Watafiti waliokota kinyesi chao na kukipima katika maabara ili kujua nasaba yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: ni ndovu wa mbugani, jamii ileile ya wale wa Tsavo na Amboseli, wala hawana dalili ya damu ya ndovu wa msituni. Ikiwa hao ndio wajukuu wa ndovu waliowindwa na akina Ptolemi, basi maelezo ya udogo hayasimami tena. Huenda walionaswa walikuwa wachanga, maana ni rahisi kumkamata mtoto kuliko mama yake. Huenda hawakufunzwa vizuri. Au huenda Polybius alirudia tu hadithi iliyokuwa ikisimuliwa. Yeye mwenyewe alizaliwa yapata mwaka 200 K.K., wakati vumbi la Rafah lilikuwa limekwisha kutua.

Kwa maoni yangu kisa hiki kinaeleza kazi yenyewe kuliko kijitabu chochote cha chuo. Anayesomea vita vya kale hakariri majina ya majemadari. Huchukua neno la mwandishi wa kale, akalipambanisha na mfupa, chungu, mabaki ya ngome, au hata kinyesi, kisha akaamua nani wa kuaminiwa. Mtu aliyekulia katika nchi yenye ndovu anaanza akiwa na maswali ambayo kijana wa Ulaya hana.

Wala si ndovu tu. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alitunga mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Anaitaja pwani yetu kwa jina la Azania, na soko lake la mwisho aliita Rhapta. Anasema huko kuliletwa mikuki iliyotengenezwa Muza, Uarabuni, kwa ajili ya soko hilo hasa, pamoja na mashoka na visu. Kilichotoka ni pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa.

Kwa miaka mingi maneno hayo hayakuwa na ushahidi wa kushikika mkononi. Ndipo akaja Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipata shahada yake ya uzamifu Uppsala, Sweden, mwaka 1994, na mwaka 1999 alichapisha habari za shanga za kioo zilizochimbuliwa karibu na delta ya Rufiji, ambazo alizitambua kuwa za Kirumi. Vitu vidogo vya kupenya katika tundu la mfuko, lakini vilizua mjadala mkubwa katika vyuo.

Njia ya kazi hii ni ndefu, na mzee wa Woodley asidanganywe. Akiolojia husomwa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miaka minne. Huko mwanafunzi atajifunza kuchimba na kupima, ingawa atajikuta zaidi na Turkana na Lamu kuliko Roma. Hilo si hasara. Mwaka 2016 watafiti walitangaza habari za Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana, ambako mifupa ya watu wasiopungua 27 wa miaka kama 10,000 iliyopita ilipatikana, kadhaa wakiwa na alama za kupigwa na kuchomwa. Wengine walizibishia baadhi ya alama hizo. Kujua jeraha la vita na ufa wa kawaida wa mfupa ni ujuzi uleule utakaohitajika Ugiriki.

Kigiriki na Kilatini ndicho kikwazo kikubwa. Hapa kwetu Kilatini hufundishwa zaidi katika seminari. Anayetaka kubobea hana budi kutafuta ufadhili wa uzamili na uzamifu ng'ambo, na huko ataambiwa ajue pia kusoma Kijerumani na Kifaransa. Hesabu miaka kumi tangu siku ya kwanza chuoni. Nafasi za uhadhiri ni chache kila mahali. Kazi nyingine zipo Makumbusho ya Kitaifa, na katika ukaguzi wa ardhi kabla ya barabara au bwawa kujengwa, maana sheria ya mwaka 2006 inalinda mabaki ya kale.

Kabla ya kulipa hata shilingi, binti anaweza kupima moyo wake. Kutoka Woodley hadi Kileleshwa si mbali, na huko ndiko iliko Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, yenye maktaba ya akiolojia. Mkurugenzi wake wa zamani, Neville Chittick, ndiye aliyechunguza Ras Hafun, Somalia, mwaka 1975, akapata vigae vinavyoonyesha biashara na nchi za Mediterania. Aanze na habari hizo, kisha arudi kwa Rhapta. Wako wanaosema ilikuwa Rufiji, wako wanaosema Pangani. Mji wenyewe bado unatafutwa.