Kitanda Kipya na Hewa ya Chumbani

Ukipita Keko, Dar es Salaam, utawakuta mafundi wakipuliza vanishi kwenye vitanda vya mninga. Vifaa vyao ni kompresa, bunduki ya rangi na dumu la thina. Wengine hujifunga kitambaa puani, ambacho huzuia vumbi na kuupisha mvuke kwa heshima zote.

Thina huchanganywa kwenye vanishi ili ipulizike vizuri. Ndani yake mara nyingi mna toluini na zailini, na vanishi inapokauka, kemikali hizo huhamia hewani. Ukizivuta kwa wingi, kichwa huuma, macho huwasha na kizunguzungu hufuata. Nyingi hutoka siku za mwanzo, kisha hupungua wiki baada ya wiki. Tatizo ni kwamba mteja ana harusi Jumamosi. Kitanda kilichopulizwa jana kinapakiwa kwenye kirikuu leo, na usiku maharusi wanajifungia nacho wakisifia harufu ya kitu kipya.

Hata hivyo, pua si kipimo cha kutegemea. Thina hunuka sana lakini huondoka mapema. Fomaldehaidi, iliyomo kwenye gundi nyingi za MDF na chipubodi, hutoka kidogo kidogo kwa miezi, pengine miaka, na pua huizoea. Joto na unyevunyevu huizidisha, na Pwani haijawahi kupungukiwa na vyote viwili. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwamba hewa ya ndani isizidi miligramu 0.1 za fomaldehaidi kwa kila mita ya ujazo, kwa wastani wa nusu saa.

Ujenzi wetu nao hausaidii. Madirisha ya luva yanang'olewa, ya alumini yanawekwa, kisha kiyoyozi kinawashwa. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti hewa mpya. Huzungusha ileile, ikiwa imepoa.

Dawa yake haina gharama kubwa. Agiza mapema, na kitanda kikae karakanani wiki mbili penye upepo. Kama kabati ni la MDF, sisitiza kingo zote zizibwe, hata za nyuma zisizoonekana, kwa sababu kingo zilizo wazi hutoa zaidi. Vanishi ya maji hupunguza mvuke, ingawa haiumalizi. Kisha fungua madirisha.

Na fundi asisahauliwe. Shirika hilohilo la saratani limeiorodhesha kazi ya kupaka rangi miongoni mwa zinazosababisha ugonjwa huo. Wewe unavuta mvuke wa kitanda kimoja. Yeye anavuta wa wateja wote. Kabla ya kuomba punguzo, mwongezee bei ya barakoa yenye chujio la mkaa.