Kipimo Hujibu Kilichoulizwa

Damu, mkojo, makohozi, maji ya uti wa mgongo na majimaji mengine ya mwili hubeba habari za viungo ambavyo jicho la daktari haliwezi kuvifikia, na kazi ya maabara ni kuzisoma habari hizo kwa njia ambayo mtu mwingine, mahali pengine, akiirudia atapata jibu lilelile. Hata hivyo hakuna tone la damu linaloeleza kila kitu kwa mkupuo. Kila kipimo kimetengenezwa kitafute kitu kimoja, au vichache vilivyotajwa mapema, na kisichotafutwa hakionekani hata kama kimo ndani ya mrija huohuo. Kwa hiyo mgonjwa anayefika dirishani na kuomba apimwe damu, bila kueleza anaumwa nini wala tangu lini, huwa bado hajauliza swali, na karatasi atakayopewa inaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu jambo lisilomsumbua.

Kipimo kinachojulikana zaidi na wakazi wa Afrika Mashariki ni cha malaria. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Constantine nchini Algeria, aliona vimelea vikitembea ndani ya damu ya askari mwenye homa, wakati ambapo wengi walikuwa wakiamini kwamba ugonjwa huo hutokana na hewa chafu ya mabwawa. Mwaka 1897 Robert Koch, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu, alifika Dar es Salaam na kuchunguza damu ya wagonjwa wa homa kwa darubini. Njia ya darubini haijaachwa hadi leo, na rangi inayotumika bado inaitwa kwa jina la mkemia wa Hamburg, Gustav Giemsa, aliyeiboresha mwanzoni mwa karne ya 20.

Mtaalamu wa maabara huchoma ncha ya kidole, hufuta tone la kwanza kwa pamba kavu, kisha huweka matone mawili juu ya kioo. Moja hulizungusha kwa kona ya kioo kingine mpaka liwe duara nene. La pili hulisukuma kwa ukingo wa kioo likatandaa na kuwa utando mwembamba sana. Utando mwembamba hutiwa methanoli ili chembe nyekundu za damu zishikamane na kioo bila kupasuka, ilhali ule mnene hauguswi na methanoli, kwa sababu chembe zake zinatakiwa kupasuka ndani ya rangi na kuacha vimelea na chembe nyeupe pekee. Utando mnene, ambao umekusanya damu nyingi mahali padogo, hujibu kama vimelea vipo au havipo. Ule mwembamba, ambao umehifadhi umbo la kila chembe, huonyesha ni vya aina gani. Chini ya lenzi inayokuza mara 1,000 kimelea kichanga huonekana kama pete ya buluu yenye nukta nyekundu, na mtaalamu mwangalifu hasemi kwamba hakuna kitu mpaka awe amepitia angalau maeneo 100 ya kioo. Akivikuta, huhesabu vimelea kwa kila chembe nyeupe 200, huzidisha kwa 40, na hivyo hukadiria idadi yake katika maikrolita moja ya damu. Kazi hii huchosha macho, na haiwezi kufanywa vizuri na mtu mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni.

Kipimo cha haraka, kinachoitwa vituoni mRDT, hakitafuti kimelea chenyewe bali protini inayotolewa na kimelea. Vipimo vingi vya aina hiyo hutafuta protini iitwayo HRP2, inayotokana na Plasmodium falciparum, aina ya kimelea inayosababisha malaria kali zaidi katika ukanda huu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo lakini matokeo yake ni makubwa: protini hiyo huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuuawa na dawa, kwa hiyo mtu aliyemaliza dozi na kupima tena kwa mRDT anaweza kuonekana bado anaumwa, akapewa dozi ya pili asiyoihitaji. Kwa upande mwingine, nchini Eritrea, Ethiopia na Djibouti vimegunduliwa vimelea vilivyopoteza jeni ya kutengeneza HRP2, navyo hupita bila kuonekana mbele ya kipimo kinachoitegemea protini hiyo pekee.

Kosa linalogharimu watu fedha na dawa nyingi zaidi, hata hivyo, liko katika homa ya matumbo, maarufu kama taifodi. Kipimo cha Widal, kilichopewa jina la Mfaransa Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896, hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na adui. Majibu huandikwa kwa uwiano kama 1:80 au 1:160, maana yake ni kwamba majimaji ya damu yalizimuliwa hadi kiwango hicho na bado yakawagandisha bakteria pamoja. Tatizo ni kwamba kingamwili hubaki baada ya ugonjwa kupona, huweza kutokana na chanjo, na baadhi yake huchochewa na vijidudu vingine vinavyofanana na vya taifodi, na hata malaria imewahi kuvuruga majibu. Mahali ambapo watu wengi wamekwisha kukutana na vijidudu hivyo, kipimo kimoja cha Widal kinaeleza zaidi yaliyopita kuliko yaliyopo. Ni vigumu kuamini kwamba wagonjwa wote wanaotoka dispensari wakiwa na karatasi iliyoandikwa malaria na taifodi wana magonjwa hayo mawili kwa pamoja. Njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha damu: mtu mzima hutolewa mililita 8 hadi 10 katika kila chupa kabla hajaanza antibiotiki, na chupa hizo hukaa katika joto la mwili kwa siku kadhaa zikisubiriwa bakteria waongezeke. Ni njia ya gharama, inahitaji subira, na hata yenyewe huwakosa baadhi ya wagonjwa, lakini bakteria anayeota huweza pia kujaribiwa ni dawa gani itamuua.

Katika kifua kikuu swali huelekezwa kwenye makohozi, na hapa mgonjwa mwenyewe ana sehemu kubwa ya kazi. Mate hayafai, yanayotakiwa ni makohozi yanayotoka chini kabisa kifuani, hasa ya asubuhi. Kwa njia ya Ziehl na Neelsen makohozi hupakwa rangi nyekundu kwa joto, huoshwa kwa asidi, kisha huongezwa rangi ya buluu. Bakteria wa kifua kikuu, ambao ganda lao la nta halikubali kuachia rangi, hubaki vijiti vyekundu juu ya uwanja wa buluu. Lakini darubini huhitaji bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ndipo iwaone. Mashine ya GeneXpert, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa mwaka 2010, hutafuta vinasaba vya bakteria na kutoa jibu ndani ya saa mbili hivi, pamoja na kueleza kama wamekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa makohozi yaliyokwisha kupikwa ili vijidudu vife, na kwa maelezo ya shirika hilo panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20. Panya hatoi cheti. Sampuli anayoitilia shaka hurudi maabara kuthibitishwa.

Mkojo una saa yake. Minyoo ya kichocho cha kibofu, ambacho watafiti wamekifuatilia kwa miaka mingi huko Unguja na Pemba, hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, na mayai yake hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mililita 10 za mkojo wa wakati huo husukumwa kwa bomba kupitia kichujio chembamba, na juu ya kichujio mayai yenye mwiba nchani huhesabiwa moja moja. Mkojo wa alfajiri, unaofaa kwa kupima ujauzito, unaweza kuyakosa.

Maji ya uti wa mgongo huogopwa kupita kiasi, kwa sababu imeenea imani kwamba sindano yake hupoozesha. Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingizwa chini ya hapo, mahali ambapo pana nyuzi za neva zinazoelea tu. Maji hayo kwa kawaida ni maangavu. Yakitoka na ukungu, sukari yake ikiwa imeshuka na chembe nyeupe zikiwa nyingi, daktari hushuku bakteria na hangoji. Sampuli hii haiwekwi kwenye friji, kwa kuwa baadhi ya bakteria wanaotafutwa hufa kwa baridi.

Yapo pia makosa yanayotokea kabla mashine haijawashwa. Damu ya kupima sukari ikiachwa kwa saa kadhaa katika mrija usio na dawa ya kuzuia, chembe zake huendelea kuila sukari hiyo, na jibu hushuka. Damu iliyovutwa kwa nguvu hupasua chembe nyekundu, na potasiamu iliyomo ndani yake humwagika ikaonekana kwamba figo za mgonjwa zimeshindwa kazi.

Mwisho ni suala la viwango vya kawaida, ambavyo huchapwa pembeni mwa karatasi ya majibu. Kwa desturi viwango hivyo huwekwa ili vijumuishe asilimia 95 ya watu wenye afya, maana yake mtu mmoja mzima kati ya 20 atakuwa nje yake bila ugonjwa wowote. Anayenunua kifurushi cha kupima mwili mzima chenye vipimo 20 visivyotegemeana ana uwezekano wa asilimia 64 hivi wa kupata angalau jibu moja lenye alama nyekundu, ingawa hana tatizo, na hofu yake itamrudisha kwa vipimo vingine. Kinyume chake pia hutokea: mwanamke mwenye himoglobini ya gramu 12.3 kwa desilita yumo ndani ya kiwango na mashine haitatia alama, lakini kama karatasi ya mwaka jana ilisoma 14.6, damu inapungua mahali fulani, na hilo litaonekana tu kwa daktari aliyewekewa karatasi zote mbili mezani.