Mama Aliyefukuzwa Nyumbani kwa Sababu ya Kura

Mwezi huu, katika habari za watu waliopigania haki, tumemchagua mama mkulima. Hakuwa mwanasheria wala mchungaji, na shule aliishia darasa la sita. Lakini tuliposoma maisha yake tukaambiana: huyu mbona kama jirani yetu!

Fannie Lou Hamer alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1917 katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Alikuwa mtoto wa 20, kitinda mimba. Wazazi wake walilima pamba kwenye shamba la mtu mwingine na kugawana naye mavuno, na hesabu zikifungwa, kwao lilibaki deni. Akiwa na miaka 6, mwenye shamba alimwahidi vitu vitamu vya dukani akichuma ratili 30 za pamba kwa wiki, yaani zaidi ya kilo 13. Akachuma. Baada ya hapo akatakiwa kuchuma zaidi, na utoto ukaishia hapo.

Mwaka 1944 aliolewa na Perry Hamer, wakaishi kwenye shamba kubwa karibu na mji mdogo wa Ruleville. Mwaka 1961 aliingia hospitali kutolewa uvimbe, akatoka bila kizazi. Hakuulizwa. Yeye na mumewe walikuwa wakilea watoto wa kike waliozaliwa na wengine, wakawafanya wao.

Wakati ule mtu mweusi wa Mississippi alikuwa na haki ya kupiga kura kwenye maandishi tu. Akienda kujiandikisha alipewa mtihani wa kueleza kifungu kigumu cha katiba ya jimbo, na aliyesahihisha ndiye yule yule asiyetaka afaulu. Tarehe 31 Agosti 1962 mama Hamer na wenzake 17 walipanda basi kwenda Indianola kujaribu. Alifeli. Njiani kurudi polisi walisimamisha basi na dereva akapigwa faini, eti basi lina rangi ya njano kupita kiasi! Watu wakaogopa. Yeye akaanza kuimba nyimbo za kanisani.

Jioni hiyo mwenye shamba alimwambia: kafute jina lako, la sivyo uhame. Alimjibu kwamba hakwenda kumwandikisha yeye, alikwenda kujiandikisha mwenyewe. Usiku ule ule akaondoka. Mumewe ilibidi abaki mpaka mavuno yaishe. Tarehe 10 Septemba nyumba ya marafiki waliompokea ilipigwa risasi 16.

Wengi wetu tunaujua usiku wa namna hiyo. Unachukua nini? Unaacha nini? Unagonga mlango wa nani?

Januari 1963 alifaulu mtihani. Juni mwaka huo alikamatwa Winona, akapigwa vibaya gerezani. Figo na jicho viliumia, na madhara hayo yakabaki hadi mwisho. Tarehe 22 Agosti 1964, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic kule Atlantic City, alisimulia yote hayo mbele ya kamera. Rais Johnson aliitisha waandishi wa habari ghafla ili matangazo yahamie kwake. Haikusaidia, maana usiku televisheni zilirudia maneno ya mama huyu nchi nzima. Mwaka 1965 ilipitishwa sheria ya kulinda haki ya kura.

Lakini kilichotugusa zaidi ni chakula. Aliona kwamba waliojiandikisha walifukuzwa kazi na kwenye nyumba. Katika wilaya jirani ya Leflore, mwishoni mwa 1962, wakubwa walisimamisha hata mgao wa chakula wa serikali. Akaelewa kuwa anayeshika sahani yako anaweza kushika na ulimi wako.

Kwa hiyo mwaka 1968 alianzisha benki ya nguruwe, wakianza na majike na madume wachache. Familia ilipewa jike, likizaa familia inafuga, na sehemu inarudi benki ili jirani naye apate. Kwa wenzetu ambao nguruwe ni haramu, wafikirie mbuzi: kopa mbuzi, lipa mbuzi. Mwaka 1969 wakanunua ekari 40 za ushirika, baadaye zikapita 600, wakalima mboga na maharage. Fedha zilipungua, hali ya hewa ikawa mbaya, na katikati ya miaka ya 1970 ushirika ukafa. Ila watu walikuwa wamekula jasho lao bila kumpigia mtu magoti.

Alifariki tarehe 14 Machi 1977, na miaka 59. Alizikwa Ruleville, mji ule ule aliokimbilia usiku wa kufukuzwa, kwenye ardhi ya ushirika. Januari 2025 Rais Joe Biden alimpa nishani kuu ya raia, miaka 47 baada ya kifo chake.

Sisi hapa kambini tunajua kusubiri mgao, na tunajua kunyamaza kwa kuogopa kukosa. Basi leo jioni, wazazi, wasimulieni watoto habari hii. Na kwenye mkutano wa bloku, yule mama wa nyuma asiyejua kusoma akinyoosha mkono, tusimwambie akae. Tumsikilize mpaka amalize.

Tukutane mwezi ujao.