Si kila chupa ya zeituni ni zeituni unayoifikiria

DAKTARI akishakuambia kwamba kolesteroli yako imepanda na uachane na mafuta ya kuganda, huenda akakutajia mafuta ya zeituni. Ukifika dukani unakuta chupa nyingi zimepangwa, kila moja ina picha ya tawi la mzeituni, na bei zimeachana kama mbingu na ardhi. Wengi wetu huchukua ya bei nafuu na kwenda zetu. Hapo ndipo tunapokosea, kwa maana jina hilo moja hupewa mafuta ya aina mbalimbali.

Yaliyo bora huandikwa "Extra Virgin". Hukamuliwa kwa mashine tu, bila kemikali wala joto jingi, na asidi yake haipaswi kuzidi gramu 0.8 katika kila gramu 100. Yakiandikwa "Virgin" tu, asidi inaweza kufika gramu 2. Yale ya "Pure", "Light" au "Olive Oil" bila neno jingine yamesafishwa kiwandani hadi yakapoteza harufu na ladha, kisha yakatiwa kiasi fulani cha yale ya asili. Usidhani "Light" hupunguza unene. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yoyote ya zeituni kina karibu kalori 120.

Kisha kuna "Pomace". Haya hutolewa kwa kemikali kutoka kwa makapi yanayobaki baada ya kukamua, halafu husafishwa. Si sumu, lakini usiyalipie bei ya yale bora. Litafute neno hilo hata kama limeandikwa kwa herufi ndogo.

Mafuta ya zeituni, hata yakisafishwa, yana asidi ya oleiki kwa wingi, karibu sehemu saba katika kumi, nayo ni nafuu kwa moyo kuliko mafuta ya kuganda. Lakini chembechembe ziitwazo polifenoli, zinazosaidia kulinda mafuta yaliyo katika damu yasiharibike, hubaki zaidi katika "Extra Virgin". Ukisafisha mafuta, nyingi hupotea.

Udanganyifu katika biashara hii umewahi kuua. Mwaka 1981 nchini Uhispania, wachuuzi waliuza mafuta katika mitungi ya plastiki ya lita tano isiyo na lebo, wakidai ni ya zeituni. Kumbe yalikuwa mafuta ya mbegu za rapa yaliyoagizwa kwa ajili ya viwanda na kutiwa kemikali ya anilini ili yasiliwe. Watu wapatao 20,000 waliugua na zaidi ya 300 wakafa. Wengine walibaki na maumivu ya misuli na neva kwa miaka mingi.

Sisi tumezoea mafuta ya kupima. Usinunue zeituni kwa njia hiyo, hata kama muuzaji ni jirani yako. Chukua chupa iliyofungwa vizuri, yenye jina la mtengenezaji, nchi yalikotoka na stika ya Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) inayobandikwa kwenye bidhaa za kutoka nje. Na ile chupa ndogo ya duka la dawa ambayo mama zetu walitutilia masikioni, au ile ya nywele, si ya jikoni.

Ukifika nyumbani, onja kijiko kidogo. Mafuta mazuri hunukia kama majani mabichi, yana uchungu kidogo na huwasha koo. Usiyatupe kwa sababu hiyo, kwani ni polifenoli hizo hizo zinazowasha. Yakinuka kama njugu kuukuu, yameharibika. Rangi haikuambii kitu. Waonjaji wa kazi hiyo hutumia bilauri za buluu ili wasiione. Vivyo hivyo, ile habari ya kuyatia kwenye friji uone kama yataganda haithibitishi lolote.

Mwanga na joto ni maadui wake. Chagua chupa nyeusi au mkebe, angalia tarehe ya mavuno ikiwa imeandikwa, na usiiweke kando ya jiko. Ukishaifungua, jaribu kuimaliza kwa miezi miwili au mitatu.

Wapo wanaosema mafuta haya hayafai kukaangia. Si kweli. "Extra Virgin" huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 190 au zaidi, na kukaanga vitunguu vya sukuma wiki hakufiki huko.

Na ikiwa mfuko hauruhusu, alizeti au kanola halisi ni afadhali kuliko zeituni ya kutiliwa shaka. Pika nayo kila siku, kisha nunua chupa ndogo ya "Extra Virgin" ya kachumbari na ya kumiminia maharagwe yakishaiva.