Kununua Kitabu kwa Mwandishi Mtandaoni: Mwongozo kwa Wasomaji wa Kyela na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Msomaji anayeishi Matema, Ipinda au Kyela mjini hana wingi wa maduka ya vitabu karibu naye. Steshenari nyingi huuza madaftari, kalamu na vitabu vya shule. Anayetaka riwaya mpya, diwani ya mashairi au kitabu cha ufugaji mara nyingi hulazimika kuagiza Mbeya au Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo simu imekuwa dirisha la duka. Mwandishi huweka picha ya jalada kwenye Instagram, husoma ukurasa mmoja kwa sauti kwenye TikTok, hukusanya wapenzi wa kazi zake katika kundi la WhatsApp, kisha huwauzia moja kwa moja.

Utaratibu huu una manufaa ya kweli. Msomaji wa Mwaya anaweza kumuuliza mwandishi swali na kujibiwa siku hiyo hiyo. Anaweza pia kuomba aonyeshwe kurasa chache kabla ya kununua. Hata hivyo, utaratibu huo huo humtaka mlaji alipe kabla hajakishika kitabu, tena amlipe mtu asiyemwona. Katika makala haya tunaeleza jinsi mauzo hayo yanavyofanyika, mahali ambapo mlaji anaweza kupoteza fedha zake, na hatua anazopaswa kuchukua kabla ya kubonyeza namba ya siri.

Jinsi kitabu kinavyouzwa mitandaoni

Kuuza hadithi kwa vipande si jambo geni nchini. Eric Shigongo ni mmoja wa waandishi ambao hadithi zao zilisomwa magazetini, toleo baada ya toleo. Leo desturi hiyo imehamia kwenye simu. Sehemu za mwanzo hutolewa bure kwenye Facebook, na hadithi inapofika penye taharuki, msomaji huelezwa kwamba mwendelezo unapatikana katika kundi la WhatsApp kwa malipo.

Hakuna ubaya katika utaratibu huo, mradi masharti yawe wazi. Sehemu ya bure ni tangazo, na tangazo zuri huandikwa ili likuache na kiu. Kabla ya kulipa, uliza mambo manne: hadithi ina sehemu ngapi; je, imekamilika au bado inaandikwa; bei ni ya hadithi nzima au ya kila sehemu; na utafanyiwa nini ikiwa kundi litafungwa kabla ya mwisho. Omba majibu kwa maandishi. Mwandishi makini hatachukizwa na maswali hayo.

Kwa vitabu vilivyochapwa, mwandishi au mchapishaji hutangaza bei, hupokea malipo kwa simu, na hutuma kifurushi kwa basi. Muuzaji anayefuata njia hii hahitaji kugawana bei na duka, naye huwafahamu wasomaji wake kwa majina. Ukaribu huo humfanya msomaji ajihisi ananunua kwa jamaa. Ndiyo maana matapeli nao huuiga.

Jina linaweza kutumiwa na asiye mwenyewe

Wakazi wa Kyela hawahitaji kufundishwa jambo hili. Jina la mchele wa Kyela linapendwa sokoni kiasi kwamba mchele uliolimwa kwingine huuzwa kwa jina hilo. Mnunuzi mzoefu haridhiki na maandishi ya kwenye gunia. Huuliza ulikotoka, huushika na kuunusa. Ukurasa wenye picha na jina la mwandishi mashuhuri ni kama gunia lililoandikwa jina. Yeyote anaweza kunakili picha hizo na kufungua ukurasa wake.

Idadi ya wafuasi haitoshi kuwa uthibitisho, kwa maana wafuasi na sifa huweza kununuliwa. Tunashauri uangalie mambo haya:

Kwanza, tazama historia ya ukurasa. Ukurasa wa mwandishi wa kweli kwa kawaida huwa na mazungumzo ya muda mrefu, wasomaji wanaouliza na wanaojibiwa, pengine hata wanaolalamika. Ukurasa uliofunguliwa majuzi, au uliozuia watu wasitoe maoni, unahitaji uangalifu zaidi.

Pili, mtafute muuzaji kwa njia nyingine. Linganisha namba iliyo kwenye tangazo na namba iliyochapwa ndani ya kitabu chake cha awali, au iliyo kwenye tovuti ya mchapishaji. Namba zikitofautiana, piga ile ya mchapishaji na uulize.

Tatu, uliza jambo linalohitaji kitabu chenyewe. Omba picha ya ukurasa wenye jina la mchapishaji na mwaka wa toleo, pamoja na ukurasa wowote wa katikati utakaouchagua wewe. Mwenye kitabu mkononi atakupigia picha hizo kwa dakika chache.

Fahamu hasa unachonunua

Neno "kitabu" katika tangazo laweza kuwa na maana mbili: nakala iliyochapwa, au faili la kusomea kwenye simu. Wapo walaji wanaolipa wakitarajia kifurushi, kisha wakapokea faili. Uliza waziwazi, na uhifadhi jibu.

Zingatia pia jina kamili la kitabu, la mwandishi, la mfasiri kama yupo, la mchapishaji, na mwaka. Kwa mfano, "Peponi", tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya "Paradise" ya Abdulrazak Gurnah, ilifanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Anayekuuzia "kitabu cha Gurnah" bila kutaja mambo hayo anaweza kukuletea riwaya nyingine, au riwaya uliyoitaka katika lugha usiyoikusudia.

Vitabu vingi vina namba ya utambulisho iitwayo ISBN. Tangu mwaka 2007 namba hiyo ina tarakimu 13, na vitabu vingi vilivyochapishwa Tanzania huanza na 978-9976 au 978-9987. Namba hiyo husaidia kutambua toleo. Haithibitishi ubora wa kitabu wala uaminifu wa muuzaji.

Wazazi wawe waangalifu zaidi wanaponunua vitabu vya shule. Utekelezaji wa mitaala mipya ulianza Januari 2024, tena kwa awamu. Hivyo kitabu cha zamani kinaweza kutangazwa kwa bei nafuu ilhali hakifuati tena mtaala wa darasa la mtoto. Mwulize mwalimu jina la kitabu na toleo kabla ya kuagiza. Kumbuka pia kwamba Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bure. Usimlipe mtu anayekuuzia faili la kitabu kinachopatikana humo.

Tangazo likidai kwamba kitabu kimeshinda tuzo, taja tuzo hiyo na uifuatilie. Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, kwa mfano, huratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi wake hutangazwa hadharani.

Bei ya tangazo na bei ya kufika mkononi

Bei inayotajwa mtandaoni mara nyingi ni ya kitabu peke yake. Tuchukue mfano. Kitabu kimetangazwa kwa shilingi 15,000. Nauli ya kifurushi kwa basi hadi Kyela ni shilingi 5,000, na bodaboda wa kukifikisha kijijini anataka shilingi 6,000. Pamoja na makato ya kutuma fedha, mlaji ametumia zaidi ya shilingi 26,000. Wasomaji wanne wa kijiji kimoja wakiagiza pamoja, na kifurushi kikasafirishwa kwa nauli ile ile, kila mmoja atachangia shilingi 2,750 za usafiri badala ya 11,000. Viwango halisi hutofautiana, ila hesabu ni ya namna hiyo. Ifanye kabla ya kulipa.

Mweleze muuzaji kituo kamili cha kupokelea. Kusema "Kyela" hakutoshi, kwa kuwa wilaya ni pana. Taja kama kifurushi kiishie mjini, Ipinda au Kasumulu. Omba kitabu kifungwe ndani ya mfuko wa nailoni, kwani mvua za mwambao huu ni nyingi na karatasi iliyolowa hairudi hali yake. Omba pia picha ya risiti ya basi yenye tarehe na namba ya mzigo. Unapopokea, fungua kifurushi mbele ya wahudumu na upige picha ya kasoro yoyote.

Iwapo muuzaji yuko ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, tambua kwamba ni vigumu zaidi kumfuatilia kwa sheria za Tanzania. Katika hali hiyo ni heri ulipe unapokabidhiwa kitabu.

Wakati wa kulipa

Unapotuma fedha kwa simu, jina la mpokeaji huonekana kabla hujakamilisha muamala. Simama hapo ulisome. Likiwa tofauti na jina la mwandishi, huenda hakuna hila, kwa kuwa waandishi wengine hutumia majina ya kalamu, na wengine wana mawakala. Lakini maelezo ya tofauti hiyo yatangulie malipo. Lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara hukuachia kumbukumbu nzuri zaidi kuliko kutuma kwa mtu binafsi.

Jihadhari na ujumbe unaoingia katikati ya mazungumzo ukisema, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Huo ni utapeli uliozoeleka nchini. Usibadilishe namba ya malipo kabla ya kuzungumza kwa sauti na muuzaji kupitia namba uliyoithibitisha. Jihadhari vilevile na haraka ya kutengenezwa: "zimebaki nakala tatu", "bei inaisha saa sita usiku". Kitabu kizuri kitakuwapo hata kesho.

Taarifa zako na haki za mwandishi

Baadhi ya kurasa hutangaza zawadi ya kitabu kwa atakayejaza jina, namba ya simu na mahali anapoishi. Kwa usafirishaji, hayo huweza kuhitajika. Namba ya kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa na namba ya siri havihitajiki kwa ajili ya kukutumia kitabu, usivitoe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa zako awe na sababu halali na azitumie kwa sababu hiyo.

Tukumbuke pia wajibu wetu. Kusambaza faili la kitabu katika kundi la WhatsApp bila ruhusa ya mwenye haki kunaweza kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mwandishi anayejitegemea huishi kwa nakala chache anazouza. Ukipenda kazi yake na huna uwezo wa kununua, azima kwa aliyenunua au uliza maktaba. Ukiwa umeisoma, andika maoni ya kweli kwenye ukurasa wake, pamoja na yale usiyoyapenda. Maoni yako yatamwongoza msomaji wa Ngonga au wa Itungi ambaye hajaamua.

Mambo yakiharibika

Hifadhi tangazo, mazungumzo, ujumbe wa muamala na risiti ya basi. Piga picha za skrini mapema, kwa sababu ukurasa unaweza kufutwa. Kisha fuata hatua hizi:

Mwandikie muuzaji ueleze kasoro, unachodai, na siku unayotaka jibu. Migogoro mingine hutokana na kuchelewa tu, na huishia hapo.

Ukishuku utapeli, piga simu mara moja kwa huduma kwa wateja ya mtandao wako. Kadiri fedha inavyokaribia kutolewa kwa wakala, ndivyo uwezekano wa kuizuia unavyopungua. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenye namba 15040 iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kisha toa taarifa kituo cha polisi ukiwa na kumbukumbu zako.

Kama tangazo lilikupotosha kuhusu bidhaa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inamtaka anayeuza kwa njia hiyo amweleze mnunuzi yeye ni nani, anapatikana wapi, anauza nini na kwa bei gani. Nakala zilizorudufiwa kinyume cha sheria ziripotiwe Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA.

Hata kama kiasi kilichopotea ni shilingi 3,000 za hadithi ya WhatsApp, toa taarifa. Tapeli wa mtandaoni hutegemea kwamba kila aliyepoteza kidogo atanyamaza, na namba ile ile iliyokuibia leo huenda kesho ikamwandikia jirani yako.