Usiwashe Commodore 64 kabla ya kukagua umeme wake

HUENDA ukabahatika kupewa, au kununua kwa bei ya kutupa, tarakilishi ya nyumbani iliyoundwa miaka ya themanini. Bila shaka utatamani kuichomeka kwenye umeme papo hapo uone kama ingali hai. Kwa Commodore 64, pupa hiyo inaweza kuiua.

Tarakilishi hii ilizinduliwa Marekani mwaka wa 1982 kwa bei ya dola 595, ikaendelea kuundwa hadi kampuni ya Commodore ilipofilisika mnamo Aprili 1994. Kwa umbo ni kibodi nene tu: saketi zote zimo chini ya vitufe, na skrini yake ilikuwa runinga ya sebuleni. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 64.

Hatari imo katika kile kijisanduku kizito kinachoipasha umeme. Kijisanduku hicho hutoa volti 9 na volti 5, na sehemu inayodhibiti volti 5 imezikwa ndani ya gundi iliyoganda ikawa ngumu kama jiwe. Gundi hiyo hufungia joto ndani, tena humzuia fundi kuifikia sehemu hiyo airekebishe. Kidhibiti kinapochakaa, mara nyingi hakizimiki. Badala yake huachilia volti 6 au zaidi, ilhali chipu za kumbukumbu ziliundwa kufanya kazi kwa kiwango kisichozidi volti 5.5. Hapo tarakilishi iliyodumu miaka 40 huharibika kwa muda mfupi mno.

Kukipima kwa mita ya umeme ni hatua njema, lakini haitoshi. Kijisanduku chaweza kuonyesha volti 5 kamili kikiwa baridi, kisha kikapotoka baada ya kupata joto. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kubahatisha: tafuta kipya miongoni mwa vile vinavyoundwa siku hizi kwa ajili ya mashine hizi, au uweke katikati kifaa cha ulinzi kinachokata umeme volti zinapozidi. Aidha, tarakilishi iliyotoka Marekani huja na kijisanduku cha volti 120. Ukikichomeka katika soketi ya hapa Kenya yenye volti 240, utanusa moshi kabla ya kuona picha.

Hapo sasa waweza kuiwasha. Skrini ya samawati ni habari njema. Itakutajia baiti 38,911 zilizo huru kwa matumizi. Skrini ikiwa nyeusi tititi, yamkini chipu fulani imeungua. Matoleo ya awali yana chipu 8 za kumbukumbu, kila moja ikiwa na miguu 16 iliyolehemiwa kwenye bodi. Ukiing'oa kwa nguvu, vijia vyembamba vya shaba huambatana nayo. Ni salama zaidi kuikata miguu kwanza, kisha kuitoa mmoja mmoja kwa moto. Chipu hizo zingali zinapatikana. Lakini ile ya sauti, SID, iliyobuniwa na Bob Yannes, haiundwi tena, na wanaoupenda muziki wake hulalamika kwamba chipu za kuiiga hazifikii uhondo wake.

Kuhusu kuiboresha, napendelea kile kinachochomekwa na kuchomolewa bila kutoboa kasha. Kisomaji cha kadi ya kumbukumbu, kama zile za simu, huchukua nafasi ya kiendeshi cha disketi cha 1541, ambacho disketi yake ilibeba kilobaiti 170 pekee kwa kila upande. Hata hivyo, kasi kupitia waya ule ule hubaki ya kobe, takriban baiti 400 kwa sekunde, isipokuwa uongeze programu ya kuharakisha usomaji.

Lililobaki ni rangi. Plastiki yake hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na wapo wanaoipaka haidrojeni peroksidi na kuianika ili iwe kama mpya. Dawa hiyo huunguza ngozi, na isipoenea sawasawa huacha mabaka yasiyofutika. Mimi ningeuacha umanjano huo.